Kibarua, Ngoma na Dansi: Kuhama Kazi na Maisha ya Ushirika katika Miji ya Pwani

Historia ya kazi za ujira katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki imeandikwa kwa sehemu kubwa na waajiri na maafisa wa serikali, na kwa sababu hiyo mtu aliyehama kazi ameingia katika kumbukumbu hizo akiitwa mzururaji, mvivu au mtoro. Jioni zake, yaani ngoma, karata, kahawa ya barazani na karamu za mtaa, ziliwekwa katika majalada mengine kabisa, yale yanayohusu mila na starehe za wenyeji, kana kwamba aliyecheza usiku hakuwa yuleyule aliyebeba magunia mchana. Ushahidi uliokusanywa na wanahistoria tangu miaka ya 1970 unaelekeza kwingine. Katika Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam, kuhama kazi na kukaa na marafiki vilitegemeana kiasi cha kutotenganishwa, kwa kuwa mfanyakazi aliweza kuacha kazi leo kwa sababu alikuwa na watu wa kumlisha kesho, na mara nyingi watu hao alikuwa amewapata ngomani.

Desturi hiyo ilitangulia ukoloni. Katika Zanzibar ya karne ya 19, watumwa wengi wa mjini hawakufanya kazi nyumbani kwa bwana zao bali walikodishwa kwa siku, wakichambua karafuu na sandarusi katika maghala ya wafanyabiashara au wakichukua mizigo ufukoni wakiwa mahamali, kisha jioni wakampelekea bwana sehemu ya ujira, ambayo mara nyingi ilifika nusu. Watu hao waliitwa vibarua, na kazi ya namna hiyo ikaitwa kibarua, jina ambalo mpaka leo linatumika kwa kazi yoyote inayolipwa kwa siku. Hali yao ilikuwa ya utumwa, na haifai kupambwa, lakini ndani yake mlikuwa na jambo ambalo wengi waling'ang'ania hata baada ya kupata uhuru: kibarua alichagua mlango wa kubisha asubuhi, na jua likizama hakuwa na deni la muda kwa mwajiri yeyote.

Wapagazi wa misafara, ambao wengi wao walikuwa Wanyamwezi, waliishi kwa utaratibu unaokaribiana na huo ingawa wao walikuwa watu huru. Mpagazi alibeba mzigo wa takriban frasila mbili, yaani kilo 30 na kitu, kati ya Bagamoyo na Tabora au Ujiji, akipokea posho, ambayo ni chakula au bidhaa ya kununulia chakula, pamoja na ujira uliopatanwa kabla ya safari. Safari ilipokwisha mkataba nao ulikwisha. Akaweza kurudi kwao kulima masika, kutafuta msafara mwingine, au kukaa pwani miezi kadhaa akifanya kazi za mji. Mtu anayepita katika nchi za watu kwa namna hiyo anahitaji wenyeji wa kumpokea, na hapo ndipo utani, yaani uhusiano wa makabila mawili unaoruhusu mzaha, kunyang'anyana vitu na kuzikana, ulipopata nguvu kati ya Wanyamwezi na Wazaramo walioishi kandokando ya njia hiyo. Kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichochapishwa mwaka 1903 kutokana na maandishi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, kinaonyesha mji ambao ngoma zake zina viongozi, mashindano na gharama zake, na ambao mgeni huingizwa mjini kwa kuingizwa ngomani.

Utumwa ulipigwa marufuku Zanzibar mwaka 1897 na katika pwani ya Kenya mwaka 1907, huku katika Tanganyika sheria ya kuukomesha ikingoja hadi 1922, chini ya utawala wa Waingereza. Katika kipindi hichohicho reli zilijengwa: ile ya Uganda ilianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Ziwa Viktoria mwaka 1901, nayo Reli ya Kati ilianza Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Serikali na makampuni yalitarajia kwamba walioachwa huru wangekuwa wafanyakazi wa kudumu wa mashamba na bandari. Matarajio hayo hayakutimia. Wengi walihamia mijini na kuchagua kibarua, wakichanganyika na Wadigo, Wagiriama, Wazaramo na watu wa bara waliokuja kwa msimu na kurudi makwao mvua zilipokaribia.

Bandari yenyewe ilisaidia uchaguzi huo. Kazi ya gatini haiji kwa mpango sawa, kwani siku moja meli nne zinaingia pamoja na siku tatu zinazofuata hakuna hata moja, na kampuni ya kupakua mizigo haitaki kulipa watu wa kukaa bure. Makuli, yaani wabeba mizigo wa bandarini, walikusanyika alfajiri, wakachaguliwa na serahangi, ambaye ni msimamizi wa kikosi, wakafanya zamu na kulipwa. Mombasa ilipata magati yake ya kwanza ya maji marefu huko Kilindini mwaka 1926. Dar es Salaam haikuyapata hadi 1956, na kabla ya hapo meli zilitia nanga katikati ya bandari na shehena kuletwa pwani kwa matishari, yaani vyombo bapa vya kupakulia, kazi iliyohitaji watu wengi kwa ghafla na kisha kuwaacha kwa ghafla vilevile. Kuli hodari aliweza kufanya kazi baadhi ya siku za mwezi, akapata fedha ya chumba na chakula, na siku zilizobaki akavua, akauza maji au nazi, akaenda shambani kwa ndugu zake, au akakaa. Kule Zanzibar watu wa Ng'ambo, upande wa mji waliokaa maskini na wahamiaji, waliacha kazi zao za mjini na kwenda kuchuma karafuu mashambani na Pemba wakati wa vuno, kisha wakarudi na fedha zilizoonekana kwanza katika nguo na ngoma.

Serikali za kikoloni ziliuona mwenendo huu kuwa ugonjwa wa kutibiwa kwa karatasi. Katika Kenya, sheria ya 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilimlazimisha kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 na zaidi kuchukua kipande, yaani cheti chenye alama za vidole na orodha ya waajiri, na mwenye kuacha kazi bila mwajiri kutia sahihi alihesabiwa mtoro na kushtakiwa. Wengi walikitia katika kikopo cha bati na kukivaa shingoni. Katika Tanganyika kipande kilikuwa kitu kingine: kadi ya siku 30 za kazi, iliyotumika tangu wakati wa Wajerumani hasa katika mashamba ya mkonge, ambayo mfanyakazi alilipwa ilipojaa, huku siku za kutokwenda kazini zikiwa hazihesabiwi. Kulikuwa pia na manamba, watu wa mbali walioandikwa kwa mkataba na kupewa namba, ambao baada ya 1944 waliletwa mashambani na shirika la SILABU kutoka Kigoma, Songea na kwingineko. Ikilinganishwa na hali ya manamba, fahari ya kibarua wa mjini inaeleweka, kwa sababu sheria ya utoro haikuwa na mahali pa kumshikia mtu ambaye mkataba wake ulianza asubuhi na kufa jioni.

Hata hivyo, uhuru huo ulikuwa na njaa ndani yake. Kibarua hakuwa na malipo ya ugonjwa, hakupewa nyumba na kampuni, na akifa mbali na kwao hakuwa na wa kumzika. Kilichojaza pengo hilo ni vyama vya ngoma, na mashuhuri kuliko vyote vilikuwa vya beni.

Beni ilikuwa ngoma ya gwaride iliyozaliwa katika miji ya Waswahili wa pwani ya Kenya katika miaka ya 1890, ikiiga bendi za matarumbeta za wanajeshi, mabaharia na misheni. Wachezaji walivaa sare, walikwenda kwa mistari, na walijipa vyeo: Kingi, jemadari, kapteni, daktari, nesi. Kama ilivyokuwa desturi ya ngoma za pwani tangu zamani, haikuwezekana kuwa na beni moja. Zilitakiwa mbili zenye kushindana. Mombasa ilikuwa na Kingi na Skochi, Lamu ikatia mashindano hayo katika ugomvi wa kale wa mitaa ya Mkomani na Langoni, na katika Tanganyika zikawa Marini na Arinoti. Terence Ranger, aliyeandika historia ya beni mwaka 1975, alionyesha kwamba katika Dar es Salaam Marini iliwavuta zaidi watu wa pwani na wenye elimu na kazi za ofisini, ilhali Arinoti iliwapokea wahamiaji wa bara na watu wa kazi za chini. Mgawanyiko huo haukuwa ukuta. Lakini ulimpa mgeni aliyeshuka garimoshi asubuhi jibu la haraka kuhusu mlango wa kubisha.

Vita Kuu ya Kwanza viliisambaza beni mbali sana. Askari wa pande zote mbili waliicheza kambini, na wapagazi wa jeshi, ambao kambi yao ya Dar es Salaam iliuachia mtaa wa Kariakoo jina lake, walirudi nayo makwao. Vita vilipokwisha Marini na Arinoti zilikuwa na matawi katika miji mingi ya Tanganyika, nayo matawi hayo yaliandikiana barua, yalitembeleana na kutambuana vyeo. Mwanachama aliyeacha kazi Tanga na kwenda Tabora hakufika Tabora akiwa mgeni, kwa kuwa Arinoti ya huko ilimjua kwa cheo chake, ikampa pa kulala, ikamtangaza kwa watu waliojua ni kampuni gani inatafuta watu, na akiugua ikachanga. Kwa mtazamo wa leo, chama cha namna hiyo kilifanya kazi za ofisi ya ajira, bima na nyumba ya wageni kwa pamoja, na kilizifanya kwa sababu watu walipenda kucheza. Ni vigumu kuamini kwamba chama kilichoundwa kwa ajili ya misaada peke yake kingedumu hivyo, maana wengi huchelewa kulipa ada ya mazishi, lakini ni wachache waliotaka kuaibika kwa kukosa sare siku ya mashindano.

Mashindano yenyewe yaligharimu. Upande mmoja ulichinja ng'ombe, wa pili ukachinja zaidi. Upande mmoja ulileta vazi jipya, wa pili ukakopa ili usishindwe. Maafisa walilalamika kwamba wafanyakazi walitapanya mishahara, na wazee wa dini walilaumu ufahari na mchanganyiko wa wanawake na wanaume. Lawama hizo zilikuwa na msingi wake, lakini kilichopotea kwa karamu kilirudi kwa heshima, na heshima ndiyo iliyokuwa rehani ya mtu asiyekuwa na mwajiri wa kumdhamini. Kuli ambaye gatini aliitwa kwa kidole, Jumapili aliitwa kapteni, na waliomwita hivyo ndio waliomfungulia mlango wiki ambayo meli hazikuja. Mara baada ya vita Waingereza walikusanya taarifa nyingi kuhusu beni, wakihofia kwamba vyeo na barua zile zilificha chama cha siri cha kisiasa, wasione njama ya maana. Hofu hiyo haikufa. Mwaka 1935, wachimbaji wa migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini walipogoma, tume ya uchunguzi iliitazama kwa makini Mbeni, ngoma iliyokuwa imefika huko ikitokea Afrika Mashariki.

Wanawake walikuwa na vyama vyao, hasa vya lelemama, ngoma ya kike yenye mistari, mavazi ya sare na mipasho, yaani maneno ya kumchoma mpinzani. Katika Mombasa, kama alivyoeleza Margaret Strobel katika kitabu chake cha 1979, vyama hivyo viliwaweka pamoja mabinti wa nyumba kubwa na wajukuu wa watumwa, ingawa si kwa usawa kamili, na viliwapa wanawake uongozi ambao msikiti na mahakama viliwanyima. Kwa mwanamke, kuhama kazi kulikuwa na maana nyingine, maana milango ya makampuni ilikuwa imefungwa. Alihama kutoka kilimo kwenda kuuza vitumbua, kukodisha vyumba au kushona kofia, na ngoma ndiyo iliyompatia wateja na wapangaji. Mfano ulio mashuhuri kuliko yote ni Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, akauza vyungu akitembea vijijini na mjini, kisha mwaka 1911 akahamia mjini Zanzibar na kugeuza sauti iliyowaita wanunuzi kuwa kazi ya kuimba taarabu. Nyumba yake ya Ng'ambo ikawa mahali pa mkutano wa kila usiku, na mwaka 1928 alikwenda Bombay pamoja na wenzake kurekodi sahani za santuri kwa Kiswahili. Shaaban Robert alimwandikia wasifu, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa mtu aliyeanza na vyungu kichwani.

Pamoja na ngoma kulikuwa na baraza, ile sehemu ya mbele ya nyumba ya Kiswahili ambapo wapangaji na majirani hukaa jioni. Nyumba hizo, zenye vyumba vilivyopangwa pande mbili za ukumbi na ua nyuma, zilifaa sana maisha ya kibarua, kwa sababu mtu alikodi chumba kimoja, au hata sehemu ya chumba, na hakuhitaji kuhama nyumba kila alipohama kazi. Habari za meli iliyo njiani, ya mwajiri mkali na ya msimamizi anayekula hongo zilipitia hapo, kati ya bao, dhumna na kikombe cha kahawa chungu. Uchunguzi wa maisha ya Dar es Salaam uliofanywa na J. A. K. Leslie mwaka 1956 ulionyesha kwamba mgeni kwa kawaida alianzia kwa ndugu au rafiki wa kwao, akala kwake na kulala kwake mpaka apate shughuli, kisha naye akawa mwenyeji wa wengine.

Nguvu ya mtandao huo ilionekana wakati wa migomo. Mombasa iligoma mwaka 1934 na 1939. Januari 1947 watu wapatao 15,000 waliacha kazi kwa siku 12, wakiwa makuli, wafanyakazi wa reli, wapishi na madobi kwa pamoja. Septemba mwaka huohuo mgomo ulioanza gatini Dar es Salaam ulisafiri kwa reli hadi miji ya bara, na mwaka 1948 ikawa zamu ya Zanzibar, katika mgomo ambao baadaye ulikuwa kiini cha riwaya ya Kuli ya Adam Shafi. Vyama vya wafanyakazi vilikuwa vichanga au havikuwapo kabisa. Kibarua hakuwa na kazi ya kufukuzwa, alizoea kupitisha siku bila ujira, na alikuwa na mahali pa kula. Mambo matatu hayo yalimfanya awe mgomaji ambaye mwajiri hakumjulia dawa.

Serikali zilifahamu hivyo, na dawa ziliyoichagua ilikuwa kukiondoa kibarua chenyewe. Makuli wa Mombasa walianza kusajiliwa katika miaka ya 1940, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 walichujwa: aliyefika kazini mara chache alifutwa daftarini, aliyebaki akaahidiwa ujira bora na kazi ya uhakika zaidi. Frederick Cooper, mwanahistoria wa bandari hiyo, ameeleza kwamba lengo lilikuwa kumtenga mfanyakazi na umati wa mji ili maisha yake yote yafuate saa ya kazi. Katika Dar es Salaam, ambayo wakazi wake walifika 128,742 katika sensa ya 1957, waliokosa kazi ya kudumu waliitwa wahuni na kukamatwa kwa misako ili warudishwe vijijini kwa nguvu. Mgomo wa makuli wa Mombasa wa mwaka 1955, ambao Tom Mboya alisaidia kuusuluhisha, ulikuwa tayari mgomo wa namna nyingine, wa watu wenye kazi za kulinda.

Starehe nayo ilibadilika kwa kufuata mshahara wa mwezi. Beni, iliyodai siku nyingi za mazoezi na karamu zisizo na kipimo, ilikuwa imeanza kufifia mijini tangu miaka ya 1930, na vijana waliosoma wakahamia dansi, yaani kucheza wawili wawili kwa muziki wa bendi usiku wa Jumamosi. Katika muongo huohuo zilizaliwa Dar es Salaam Jazz na klabu mbili za mpira ambazo mashindano yao hayajapoa, Yanga mwaka 1935 na Sunderland, ambayo sasa ni Simba, mwaka 1936. Bendi za mwanzo zilikuwa klabu kamili: vyombo vilikuwa mali ya wanachama, wapigaji walikuwa makarani na mafundi mchana, na majina kama Western Jazz, Kilwa Jazz, Rufiji Jazz na Ulanga Jazz yalimwambia mhamiaji wapi angewakuta watu wa kwao.

Baada ya uhuru mpangilio huo uligeuka. Mwaka 1964 chama kipya cha wafanyakazi wa Tanganyika, NUTA, kiliunda bendi yake, na jeshi, polisi na mashirika ya umma yakafuata, yakiwaajiri wanamuziki kwa mshahara wa kila mwezi kama waajiriwa wengine. Mtu angedhani kwamba kuhamahama kungekoma, lakini hakuna fani ya Dar es Salaam iliyokuwa na wahamaji wengi kuliko hiyo. Muhidin Gurumo, aliyeingia NUTA Jazz mwaka huohuo wa 1964 baada ya kupitia bendi nyingine, aliondoka mwaka 1978 kwenda bendi ya Mlimani Park, mwaka 1985 akachukuliwa na Orchestra Safari Sound pamoja na Abel Balthazar na wengine walioahidiwa malipo mazuri zaidi, na hatimaye akarudi katika bendi aliyoiacha mwaka 1978, ambayo wakati huo ilikwisha kubadilishwa jina na kujulikana kwa mtindo wake wa Msondo. Waliohama walihama kwa makundi, wakamfuata rafiki aliyetangulia, na mashabiki wakahama nao au wakawaita wasaliti. Mtindo wa Mlimani Park uliitwa Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo, na ule wa Safari Sound ukaitwa Ndekule, na mitaani watu waligawanyika kati ya Msondo na Sikinde kwa ukali ambao mzee yeyote aliyewahi kucheza Marini au Arinoti angeutambua mara moja.